SIKIO MOJA LIVUMAPO

Kelele za viwandani na uzee, kwa kawaida, hudhuru masikio yote mawili. Basi sikio moja linapoanza kuvuma au kupoteza usikivu ilhali la pili lingali zima, yafaa chanzo kitafutwe upande huo.

Njia ya sauti

Mitetemo ya hewa hupita katika tundu la sikio na kugonga kiwambo. Kutoka hapo vijifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, huipeleka kwenye koklea, mrija uliojisokota kama nyumba ya konokono na kujaa majimaji. Humo seli zenye vinyweleo huigeuza kuwa ishara za umeme, nazo neva huzifikisha ubongoni.

Hitilafu za njia hii ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya upitishaji: tundu limezibwa na nta, kiwambo kimetoboka, au usaha umejaa nyuma yake. Nyingi kati ya hizi hutibika. Ya pili ni ya koklea au neva. Seli za vinyweleo zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Wataalamu wengi hudhani kwamba ubongo, ukikosa ishara ulizozizoea, huongeza wepesi wake wa kupokea, na mvumo huzaliwa humo.

Uma wa sauti

Mgonjwa husema tu kwamba sikio “limeziba”, na maneno hayo hayatofautishi nta na neva. Wajerumani wawili, Ernst Heinrich Weber mwaka 1834 na Heinrich Adolf Rinne mwaka 1855, walieleza majaribio ambayo madaktari huyatumia hata leo. Uma wa chuma utetemao mara 512 kwa sekunde hugongwa, kisha shina lake huwekwa katikati ya paji la uso. Ikiwa hitilafu ni ya upitishaji, sauti husikika zaidi katika sikio bovu. Ikiwa ni ya koklea au neva, husikika zaidi katika sikio zima.

Wanafunzi waweza kulihakikisha jambo la kwanza bila chombo. Mwanafunzi afumbe mdomo, avumishe sauti, kisha azibe sikio moja kwa kidole. Sauti itahamia upande uliozibwa, kwa kuwa mitetemo iliyopita mifupani haipati pa kutokea, na kelele za nje zimezuiwa.

Siku zina thamani

Usikivu ukipotea ghafla, katika muda usiozidi siku 3, hiyo ni dharura. Ikithibitika kwamba hitilafu si ya upitishaji, daktari aweza kutoa dawa za steroidi, ambazo hutarajiwa kufaa zaidi zikianzwa mapema, hasa ndani ya majuma 2. Anayetia mafuta sikioni na kungoja “lizibuke” huenda akaupoteza muda huo.

Hospitalini usikivu hupimwa kwa sauti za kuanzia mitetemo 250 hadi 8,000 kwa sekunde, kila sikio peke yake. Tofauti kubwa ikionekana, huenda kikahitajika kipimo cha MRI, kitumiacho sumaku kuchora picha za ndani ya kichwa. Mara chache huonekana uvimbe usio wa saratani katika neva ya nane. Mara nyingi hukua polepole, na ukigunduliwa ungali mdogo huwa rahisi zaidi kushughulikiwa.

Mwalimu amwonapo mwanafunzi akigeuza daima upande uleule ili asikie, asimhesabu kuwa mzembe. Amketishe mbele, sikio zima likielekea ubaoni, na awashauri wazazi wampeleke akapimwe.