Ndevu za Mama na Nywele Zinazopungua: Tusifichane



Katika kikundi kimoja ninachokitembelea kulikuwa na mama wa miaka hamsini na kitu, mwanachama ambaye hakuwahi kuchelewesha hata shilingi. Alikopa Sh. 3,000 za biashara ya maharagwe. Mwezi uliofuata hakuja mkutanoni. Wa pili pia akakosa. Mwenyekiti akasema, "Huyo ametoroka na pesa zetu," na ikaamuliwa twende kwake tukashike hata mbuzi. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokwenda, na sikupinga.

Tulimkuta amejifunga leso mpaka puani. Alipoifungua tuliona kidevu kimeungua, mahali pengine kimechubuka na mahali pengine kimekuwa cheusi ti. Pesa za maharagwe zilikuwa zimeishia kwa mikebe miwili ya krimu aliyouziwa sokoni, ati ya kumaliza ndevu na kuondoa madoa. Ndevu zenyewe zilikuwa palepale. Tulirudi bila mbuzi, na njiani hakuna aliyeongea sana.

Mkutano uliofuata niliuliza ni nani kati yetu amewahi kung'oa unywele kidevuni. Kimya. Halafu mmoja akacheka, akainua mkono. Mwingine naye. Kumbe tulikuwa wengi, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Ndevu hizi zatoka wapi?

Kila mwanamke ana nywele usoni tangu kuzaliwa. Ni zile laini zinazoitwa malaika, ambazo huzioni mpaka jua lipige upande. Mwili wa mwanamke hutengeneza homoni za kike, yaani estrojeni, na pia kiasi kidogo cha homoni za kiume, yaani androjeni. Ndiyo, kila mwanamke anazo, kama vile kila mwanamume ana kidogo za kike. Katika umri wa kuzaa estrojeni huwa nyingi. Hedhi inapokoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, estrojeni hushuka sana, lakini androjeni hazishuki kwa haraka hiyo. Basi mizani inaelemea upande wa pili, na malaika ya kidevuni na juu ya mdomo yanageuka kuwa nywele nene, nyeusi na ngumu.

Cha ajabu ni kwamba nywele za kichwa hazifuati njia hiyo. Uzee ukiingia, na hasa ikiwa ukoo wenu una tabia hiyo, nywele za kichwani hukonda, na kwa wengine androjeni zilezile huchangia. Ndiyo sababu mama mmoja anaweza kuona kidevu kinaota na utosi unapungua mwaka huohuo. Hajafanya kosa lolote.

Wako wanaosema mama mwenye ndevu ni mchawi au amelaaniwa. Tafadhali, msicheze na maneno hayo. Mnamo Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kushukiwa uchawi. Kilifi nako wazee wengi wameuawa kwa tuhuma kama hizo. Sisemi walikuwa na ndevu. Nasema neno "mchawi" likishatoka mdomoni halirudi, na anayelibeba mara nyingi ni mama mzee asiye na mtetezi.

Kunyoa, kung'oa au kuziacha?

Ukitaka kuziacha, ziache. Si ugonjwa. Lakini kama zinakusumbua, njia rahisi zipo, na hakuna hata moja inayohitaji mkopo.

Watu husema ukinyoa zitarudi nene kama za mwanamume. Si kweli. Wembe hukata unywele juu ya ngozi, na shina lililo chini halipati habari. Unywele unaporudi ncha yake huwa butu, kwa hivyo ukiupapasa unahisi mgumu, lakini ni uleule. Kwa hivyo mama mwenye nywele nyingi na anyoe bila hofu. Alowanishe kidevu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha anyoe kufuata upande nywele zinakolala. Mwenye nywele mbili tatu anaweza kuzing'oa kwa kibano kidogo cha nyusi, akikisafisha kwanza kwa spiriti. Nywele zetu hujipinda, na ukizing'oa nyingi baadhi huota kuelekea ndani, zinafanya vipele, na kila kipele kinaacha alama nyeusi. Kama ngozi yako ina tabia ya kuota makovu makubwa ya kuvimba, acha kibano kabisa, kata kwa mkasi mdogo.

Jambo moja sitalibembeleza: wembe ni wa mtu mmoja. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya B hupita kwenye damu, hata ile usiyoiona. Kikundi kinaweza kuwa na sufuria moja na hema moja, lakini si wembe mmoja.

Sasa zile krimu. Mama anang'oa, kidevu kinakuwa cheusi, halafu ananunua cha kukifanya cheupe. Hapo ndipo yule mwenzetu alipoingia shimoni. Baadhi ya krimu za kuchubua zina zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu figo. Nyingine zina dawa kali za aina ya steroidi. Hizi zinafanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, na sikilizeni hili: zikipakwa usoni kwa muda mrefu zinaweza kuotesha nywele. Yaani unalipa ili ndevu zipungue, na mkebe unaziongeza! Mkebe usioonyesha viungo vyake wala mtengenezaji, usiununue hata kwa shilingi kumi. Weusi wa kidevu hufifia wenyewe polepole, kwa miezi, ukiacha kukwaruza na kuchubua.

Mijini kuna wanaochoma mizizi ya nywele kwa mwanga wa leza. Inafaa, lakini ngozi nyeusi huhitaji mashine yake maalum na mtu aliyesomea, la sivyo utaungua. Bei yake pia si ya kikundi chetu.

Tukipanda kichwani

Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Baada ya kujifungua, au baada ya homa kali, zinaweza kutoka kwa mafungu, miezi miwili au mitatu baadaye, mpaka mama akadhani amerogwa. Mara nyingi hurudi zenyewe. Ukosefu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo pia hupunguza nywele, na hayo hupimwa hospitalini na kutibiwa. Ule upungufu wa uzee huonekana zaidi pale katikati unapochana njia: njia inapanuka mwaka baada ya mwaka, lakini nywele za mbele ya paji hubaki.

Kama zinazotoka ni zile za pembeni, juu ya masikio na kwenye paji, usilaumu umri. Laumu msuko. Hili linaniuma kwa sababu tunajiletea wenyewe, na tunawaanzishia wasichana wetu wakiwa bado wadogo. Mtoto anasukwa matuta mpaka macho yanavutika, akilia anaambiwa avumilie. Ukiona vipele vidogo kwenye mstari wa paji, au usiku huwezi kulaza kichwa kwa uchungu, msuko umekazwa mno. Ufungue, hata kama ulilipa jana. Rasta nzito juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha ni mbaya zaidi. Ukiacha mapema nywele zitarudi. Ukiendelea miaka, mashina yanakufa.

Kuna upungufu mwingine unaowapata sana wanawake weusi. Huanza utosini na kupanuka kama duara. Pengine panawasha au panauma ukigusa, na baadaye ngozi inakuwa laini na kung'aa. Hapo ndani kovu linafunga vitundu vya nywele, na kitundu kilichofungwa hakifunguki tena. Wengi husema ni uzee tu, wanafunga kitambaa, wanakuja kwa daktari wa ngozi baada ya miaka kumi. Dawa ya kusimamisha ipo, lakini ya kurudisha palipofungwa haipo. Nendeni mapema.

Kwa ule upungufu wa kawaida wa uzee kuna minoksidili ya kupaka. Ilianza kama dawa ya presha, ndipo wagonjwa wakaonekana wanaota nywele. Hupakwa kila siku, na matokeo huonekana baada ya miezi minne hadi sita. Ukiacha, nywele ulizopata zinatoka tena. Ikitiririkia usoni inaweza kuotesha nywele huko pia, na mwenye mimba au anayenyonyesha asiitumie. Kwa hivyo mtu apige hesabu ya pesa kabla hajaanza. Mafuta ya nyonyo hulainisha nywele, sina ubaya nayo, lakini hayafufui palipokufa. Kukata nywele fupi ni njia nzuri pia. Mimi nimezikata, na msusi wangu bado hajanisamehe.

Usikae nyumbani ukiona haya

Unywele wa kidevu unaoongezeka polepole kwa miaka ni mambo ya umri. Lakini zikiota kwa haraka, katika miezi michache, na kufika kifuani, sauti ikawa nzito, au nywele zikatoka pembeni mwa paji kama za mwanamume, usingojee. Inaweza kuwa uvimbe kwenye ovari au kwenye tezi zilizo juu ya figo. Na mama ambaye hedhi imekoma mwaka mzima, kisha akaona damu, aende hospitali wiki hiyohiyo, awe na ndevu au asiwe nazo.

Msichana mwenye ndevu na ambaye siku zake za mwezi hupotea miezi mitatu minne pia apelekwe. Upo ugonjwa wa homoni unaozuia mayai kukomaa vizuri. Shirika la Afya Duniani linasema huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Unaweza kuchelewesha mimba na kuleta kisukari, na matibabu yapo. Mama mkwe, kabla hujamwita mkaza mwanao tasa, mpeleke.

Dawa nazo zinaweza kuotesha nywele. Fenitoini ya kifafa ni mojawapo. Usiiache kwa sababu ya ndevu. Mwambie daktari, yeye ndiye abadilishe.

Yule mama aliacha krimu. Kwenye dispensari walimpa mafuta ya kupaka na kumwambia akae mbali na jua kali, na ngozi ilichukua karibu mwaka mzima kutulia. Kikundi kilimpa miezi sita zaidi ya kulipa, bila faida juu yake, naye akamaliza kwa mitano. Siku hizi anauza maharagwe, na kwenye fundo la leso yake ana kibano kidogo. Wenzake wakimwuliza anawaonyesha duka alikokinunua, lakini chake haazimi mtu.