Kushuka Wundanyi na nduthi: Acha nyutro, cheza na gia kama mastaa wa MotoGP

Wasee wa nduthi wa Voi, hii ni yenu. Kwa lami ya kutoka Voi hadi Mwatate kila mtu ni fundi. Shughuli inaanza ukikata pale Mwatate kwenda Wundanyi. Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, Wundanyi imepita mita 1,300, na katikati hapo ni mlima na kona. Kupanda si noma sana. Noma ni kurudi, umebeba abiria ama magunia ya kabichi, na nduthi inataka kukimbia yenyewe.

Ujanja wa wengi ni kutia nyutro, ama kuzima injini kabisa, ndio waokoe mafuta. Manze, hapo umejinyima breki moja. Injini ikiwa ndani ya gia na umeachilia mafuta, inashikilia gurudumu la nyuma lisikimbie. Ukitia nyutro, kazi yote inaangukia breki. Nduthi nyingi za kazi zina breki za drum, na ukizikanyaga mteremko mzima zinashika moto sana hadi zinakosa nguvu. Unakanyaga, nduthi inaendelea tu.

Sasa cheki vile wale wa MotoGP hufanya wakifika kona. Wanapunguza spidi kwanza, wanashusha gia moja moja, ndio wanalala. Wewe pia unaweza, bila kulaza goti chini:

1. Ona kona mapema, achilia mafuta, shika breki zote mbili polepole. Usiogope ya mbele. Ukifunga breki uzito unakuja mbele, kwa hivyo hiyo ndiyo inasimamisha zaidi.

2. Spidi ikishuka, shusha gia moja, achilia klachi taratibu, kisha nyingine. Ukirusha gia mbili ukiwa mbio na uachilie klachi ghafla, tairi ya nyuma inakwama na kuteleza.

3. Maliza haya yote nduthi ikiwa bado wima. Tairi ina mshiko wa kiasi. Ukiutumia wote kwa breki, wa kukata kona unatoka wapi?

4. Ndani ya kona, tazama pale unataka kutokea, si pale unaogopa kuanguka. Mikono hufuata macho. Weka mafuta kidogo tu, uongeze ukianza kunyooka.

Mastaa huendelea kushika breki kidogo hadi ndani ya kona, lakini wao wana tairi laini na hakuna lori linakuja mbele. Wewe baki upande wako wa kushoto, kwa sababu gari kubwa likikata kona kali hula nafasi yako.

Na spidi haidanganyi. Ukienda 60 kwa saa, sekunde moja unamaliza karibu mita 17. Tena breki zina kazi mara mbili na robo kuliko ukiwa 40. Ongeza ukungu na lami imelowa, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Kanuni ya wazee wa mlima ni rahisi: gia uliyopandia ndiyo gia ya kushukia. Mafuta unayookoa na nyutro ni ya shilingi chache. Abiria nyuma yako hajalipa nauli ya kubahatisha.