Historia ya Gusii kwa Watoto: Kwa Nini Vitabu ni Haba

Hapa Minnesota, ambako Abagusii tumejaa kuanzia Brooklyn Park hadi vitongoji vya St. Paul, mtoto akifika darasa la sita husomeshwa historia ya jimbo. Shule nyingi hutumia Northern Lights, kitabu cha Minnesota Historical Society. Ni jimbo moja tu, lakini kurasa zimejaa: Wadakota na Waojibwe, vinu vya unga, migodi ya chuma. Wala watoto hawafichwi vita vya Marekani na Wadakota vya 1862, wala Wadakota 38 walionyongwa Mankato siku moja, Desemba mwaka huo.

Wazazi wenzangu huuliza: cha kwetu Kenya, Kisii na Nyamira, kiko wapi?

Si kwamba watoto wetu hawajaandikwa. Katikati ya miaka ya 1950 Robert LeVine, mwanaanthropolojia Mmarekani, alikaa Gusii akichunguza malezi. Matokeo yake ni Nyansongo, kitabu cha 1966. Alirudi miaka ya 1970 na wenzake, na mwaka 1994 wakatoa kingine kikubwa kuhusu mama wa Kigusii na mwanawe. Vitabu hivyo husomwa vyuo vikuu. Mtoto mwenyewe hakuandikiwa chochote humo, na hilo linaniuma.

Aliyejaribu kuziba pengo ni mwanahistoria William Ochieng'. Mwaka 1974 alichapisha historia ya Abagusii tangu karibu 1500 hadi 1914, akitegemea sana masimulizi ya wazee. Kisha, miaka ya 1980, akawaandikia vijana kitabu chembamba kuhusu watu hao hao. Ochieng' alikuwa Mjaluo, na aliandika pia historia ya Wakadimo wa Yimbo. Yimbo ndiko Goye, mahali wazee wetu wanapopataja katika safari ya kutoka Mlima Elgon hadi uwanda wa Kano, kisha Kabianga, ambako baridi iliharibu mimea na mifugo ikafa, hata wakasogea hadi milima ya sasa. Jirani kutunza kumbukumbu zetu kwa uangalifu namna ile ni jambo la kushukuru.

Baada yake mambo yakapoa, na sababu kubwa ni soko. Mchapishaji wa Kenya huishi kwa vitabu vya kiada vilivyoidhinishwa, ambavyo serikali hununua kwa wingi. Hadithi ya kaunti mbili kati ya 47 haina mnunuzi huyo. Halafu kuna mipaka. Nyamira ilitengwa na Kisii mwaka 1989, na katika mtaala wa sasa mwanafunzi wa gredi ya nne husoma kaunti yake. Wa Nyamira na wa Ogembo wanajifunza kaunti mbili tofauti, ilhali magenge ya Manga na utabiri wa nabii Sakagwa ni urithi wao wote.

Mtu hawezi kusema hakuna cha kusimulia. Januari 1908, Otenyo, mpiganaji wa Kigusii, akichochewa na Moraa, mganga na mtabiri, alimchoma mkuki afisa wa kikoloni G. A. S. Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Northcote alipona. Jeshi likaja, nyumba zikateketezwa, ng'ombe wakaswagwa, Otenyo akauawa. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Northcote alipanda cheo hadi kuwa gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaelewa vizuri hadithi hii, kama anavyoelewa ya Mankato.

Kuna pia Tabaka, huko Kisii. Wanaume huchimba jiwe la sabuni kwa sururu, huchonga kwa panga na kisu likiwa bado na unyevu, kisha wanawake hukaa na beseni la maji wakisugua kwa msasa hadi jiwe lililokuwa na vumbi jeupe lionyeshe mishipa yake ya waridi na kijivu. Mchongaji Elkana Ong'esa alitoka huko huko, na ndege wake wa amani amesimama makao makuu ya UNESCO, Paris. Hiyo peke yake ni sura nzima ya kitabu, na picha zake.

Maoni yangu: kabla ya kuchangisha pesa za kitabu kipya, tutafute njia ya kukirudisha madukani kile chembamba cha Ochieng', kwa Kiswahili na Ekegusii pia. Sura ya Tabaka iongezwe na mtu wa Tabaka.