Otunga: Kadinali aliyeichunga Sori kabla ya kofia nyekundu

Jumapili asubuhi huko Sori, kwenye ufuo wa Ghuba ya Karungu, utaona makundi mawili ya watu wakielekea ibadani. Kundi la kwanza limevaa nguo za Jumapili, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. La pili limevaa kanzu za rangi, na rosari zinaning'inia shingoni. Wa kwanza ni Wakatoliki. Wa pili ni waumini wa Legio Maria. Mgeni atadhani hizi ni dini mbili zisizojuana. Kumbe babu zao walikuwa kundi moja chini ya askofu mmoja, Maurice Michael Otunga, ambaye Kenya nzima ilikuja kumjua kama Kadinali.

Sisi wa mjini tunamkumbuka Otunga kwa mambo ya Nairobi. Tunakumbuka mikutano yake na Papa, barua za maaskofu alizoongoza kutia sahihi, na ule moto wa mipira ya kondomu. Ni wachache wanaojua kwamba kwa miaka tisa kabla ya hayo yote alikuwa askofu wa Kisii, na kwamba wakati huo Kisii ya Kanisa ilianzia milima ya Wagusii ikateremka mpaka ziwani na mpaka wa Tanzania. Hapakuwa na kaunti ya Migori wala ya Homa Bay. Yote yalikuwa Nyanza Kusini, na Sori ilikuwa ndani yake.

Otunga alizaliwa Januari 1923 huko Chebukwa, Bungoma, mwana wa Chifu Sudi Namachanja, mzee mwenye wake wengi na sauti nzito miongoni mwa Wabukusu. Alibatizwa mwaka 1935 akiwa na miaka 12. Mwana wa chifu enzi hizo njia yake ilikuwa imenyooka: shule, kazi ya serikali, pengine kiti cha baba. Yeye akachagua seminari. Alisoma Ggaba nchini Uganda, kisha akapelekwa Roma, na huko akapewa upadri tarehe 3 Oktoba 1950. Miaka sita baadaye, akiwa na umri wa miaka 33, aliteuliwa kuwa askofu msaidizi wa Kisumu. Mwezi Mei 1960 dayosisi ya Kisii ikaundwa, naye akawa askofu wake wa kwanza.

Fikiria hali yake. Ni Mbukusu aliyepewa kuwachunga Wagusii na Waluo, na lugha ya mama yake haikuwa ya wowote kati yao. Alikuwa mwana wa boma la mitala, lakini alitakiwa kuwaambia wanaume wa Karungu kwamba mwenye wake wawili hawezi kukaribia meza ya Bwana. Hakulegeza. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, alipopimwa kwa mara ya kwanza, wala si Nairobi.

Maana haukupita muda mrefu kabla ya nyumba kupasuka. Kati ya mwaka 1962 na 1963, Simeo Ondeto na mwanamke kijana, Gaudencia Aoko, waliwakusanya Wakatoliki wa Kiluo wa Nyanza Kusini katika vuguvugu la maombi, uponyaji na vita dhidi ya uchawi. Jina walilichukua kwa chama cha walei cha Legio ya Maria. Walioachwa nje na sheria za ndoa walikaribishwa. Wagonjwa waliombewa. Wengi walilihama Kanisa, na utengano huo ukawa miongoni mwa mikubwa kabisa iliyowahi kulikumba Kanisa Katoliki barani Afrika. Ondeto alifariki mwaka 1991 na kuzikwa Got Kwer, katika kaunti hii hii ya Migori, na mpaka leo mahujaji humiminika huko.

Katika miaka iyo hiyo Otunga alikuwa akisafiri kwenda Roma kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofunguliwa Oktoba 1962 na kufungwa Desemba 1965. Ni Mtaguso huo uliofungua njia ya Misa kuadhimishwa kwa lugha za wenyeji. Basi jambo la kuchekesha kidogo ni hili: Legio Maria, walioasi, ndio waliong'ang'ania Kilatini katika ibadha zao, huku yule askofu aliyekuja kuitwa mshikilia ya kale akisimamia Kanisa lililokuwa likianza kusali kwa Kiluo na Kigusii. Otunga hakuwa mtu wa kupenda ya kale kwa kuwa ni ya kale. Alikuwa mtu wa utii. Roma ikisema tubadilike, alibadilika. Roma ikisema hapana, ilikuwa hapana.

Novemba 1969 aliitwa Nairobi kumsaidia Askofu Mkuu John Joseph McCarthy, akamrithi Oktoba 1971. Tarehe 5 Machi 1973 Papa Paulo wa Sita akamvika kofia nyekundu, na Kenya ikapata kadinali wake wa kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 50. Mwaka 1978, Mapapa wawili walipofariki katika muda wa miezi miwili, aliingia mara mbili katika faragha ya makadinali kuchagua mrithi. Mwaka 1985 alimpokea Papa Yohane Paulo wa Pili jijini kwa Kongamano la Ekaristi la Kimataifa. Katika siasa hakuwa mtu wa kupiga kelele kama baadhi ya maaskofu wenzake wa enzi hizo, na wapo waliomlaumu kwa hilo. Hata hivyo maaskofu walipoikosoa kura ya mlolongo, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

Kisha likaja gonjwa. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Katikati ya miaka ya tisini Kadinali alisimama hadharani jijini Nairobi, kukasaliwa, na maboksi ya kondomu pamoja na vijitabu vya kufundisha ngono salama vikatiwa moto. Alipinga vilevile masomo ya ngono shuleni. Kwake dawa ilikuwa moja: kujizuia kabla ya ndoa na uaminifu ndani yake. Serikali ilichelewa mpaka Novemba 1999 ndipo Rais Moi akatangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa.

Bila shaka msomaji utauliza, moto wa Nairobi unaihusu nini Sori? Njoo ufuoni alfajiri. Mashua zinaingia, akina mama wachuuzi wanasubiri na mabeseni. Samaki ni wachache kuliko wanunuzi. Basi mvuvi humuuzia kwanza mama aliyekubali kulala naye, na pesa ya samaki mama hulipa vilevile. Desturi hiyo huitwa jaboya. Mvuvi hufuata samaki, leo ufuo huu, kesho ule, na kila anapokwenda ana mchuuzi wake. Nyumbani ana mke ambaye huenda ameshika kila neno la Kadinali na bado akaambukizwa kitandani mwake mwenyewe. Mume akifa, mjane anasubiriwa na desturi ya kurithiwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi. Migori ilikuwa asilimia 13.0 na Homa Bay 19.6.

Mimi naona hapa ndipo mafundisho ya Kadinali yalipokwama. Uaminifu unahitaji wawili, na mke wa mvuvi hakuwa na namna ya kumlazimisha wa pili. Mwaka 2010 Papa Benedikto wa 16 alisema katika kitabu cha mahojiano kwamba, katika hali fulani, kutumia kondomu kwaweza kuwa hatua ya kwanza ya mtu kuanza kuwajali wengine. Otunga alikuwa amekwisha fariki miaka saba.

Lakini mtu asimalize habari hii bila kupanda kutoka ufuoni mpaka hospitali ya misheni ya Mtakatifu Kamili, hapo hapo Karungu. Inaendeshwa na Wakamili, watawa wanaovaa msalaba mwekundu kifuani. Kando yake kuna Dala Kiye, yaani boma la mayatima kwa Kiluo, kwa ajili ya watoto walioachwa na Ukimwi, wengine wakiwa na virusi wenyewe. Kanisa lile lile lililochoma maboksi Nairobi, huku Sori liliwaosha wagonjwa na kuwalea watoto wao. Wanaolisifu hulisahau la kwanza, wanaolilaani hulisahau la pili.

Na kwa mtu binafsi, hata mahasimu wake hawakupata la kumsuta. Alijulikana kwa rosari mkononi na maisha ya ufukara. Alipostaafu Aprili 1997 alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee, makao ya maskini wakongwe yanayotunzwa na masista jijini Nairobi. Huko alikaa mpaka alipofariki Septemba 6, 2003. Alizikwa Msongari, na baadaye mabaki yake yakahamishiwa Karen. Kanisa limeanzisha safari ya kumtangaza mtakatifu, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Nyanza Kusini nayo imegawanyika. Oktoba 1993 dayosisi ya Homa Bay ilikatwa kutoka Kisii. Philip Anyolo alikuwa askofu wake kuanzia mwaka 2003 hadi 2018, akapelekwa Kisumu, na mwaka 2021 akateuliwa Askofu Mkuu wa Nairobi, kwenye kiti kile kile alichokalia Otunga.