Kwa Nini Bei Hubaki Juu Baada ya Mvua Kurejea

Mlaji anayenunua mawese katika soko la Mwanga au la Ujiji huenda akaelezwa kuwa bei imepanda kwa sababu ya ukame. Akitazama nje anaona mvua inanyesha, na pengine imenyesha vizuri msimu mzima. Hujiuliza kama anadanganywa. Huenda ni kweli anadanganywa. Lakini huenda pia muuzaji anasema kweli, kwa kuwa kila zao hukaa na ukame kwa muda wake kabla ya kuufikisha sokoni. Mlaji akiufahamu muda huo, hujua ni lini sababu ya ukame inakubalika, na ni lini chakula cha msimu mbaya kinahitaji uangalifu zaidi jikoni.

Mfano ulio wazi ni mchikichi. Mti huu hutoa maua dume na maua jike katika mikungu tofauti, na jinsia ya kila mkungu hupangwa ndani ya mti takriban miaka miwili kabla ya mavuno. Mchikichi ukipungukiwa maji wakati huo hutoa maua dume kwa wingi, nayo hayazai chikichi. Ndiyo maana chupa ya mawese inayonunuliwa leo inaweza kubeba bei iliyosababishwa na kiangazi cha mwaka juzi. Tofauti na Malaysia na Indonesia, ambako sehemu nyingi za michikichi hupata mvua karibu mwaka mzima, Kigoma ina kiangazi cha miezi kadhaa hata katika mwaka mzuri. Mvua zikichelewa tena kwa wiki chache, mti huumia. Juhudi za Serikali za kufufua zao hili, zilizoanza mwaka 2018, pamoja na kazi ya kituo cha TARI Kihinga, zimewafikishia wakulima mbegu bora aina ya tenera. Mbegu hiyo hutoa mafuta mengi zaidi, lakini haikuondoa haja ya maji.

Maharage hayana kumbukumbu ndefu kiasi hicho. Hukomaa kwa takriban miezi mitatu, na jua kali lisilo na mvua wakati wa kutoa maua huyaangusha maua kabla hayajafunga maganda. Bei hupanda katika msimu uo huo, na sababu hiyo hukoma mavuno mazuri yanapoingia. Muuzaji anayetaja ukame wa mwaka juzi kuwa chanzo cha bei ya maharage ya leo anastahili kuulizwa zaidi, ingawa wanunuzi wa kutoka mbali nao huweza kuipandisha bei bila ukame wowote.

Mabadiliko ya tabianchi hayaleti ukame peke yake. Katika msimu wa 2023/24, ulioambatana na El Niño, mvua zilizidi na maji ya Ziwa Tanganyika yakaingia katika makazi ya mwambao. Kwa mkulima, mvua inayochelewa, inayokatika katikati na inayomwagika kwa wakati mmoja ni hasara tatu tofauti. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Sehemu ya kaskazini ya mkoa hutajwa katika utabiri wa vuli, na sehemu nyingine katika utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili. Mlaji anayeufuatilia anaweza kununua maharage makavu mara baada ya mavuno na kuyahifadhi mahali pakavu, badala ya kungoja bei ipande.

Mahindi yaliyokosa maji yakiwa shambani hushambuliwa kwa urahisi na kuvu wanaotoa sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, zaidi ya watu 60 waliugua kwa sumu hiyo na takriban 20 wakafariki. Kupika hakuiondoi. Mahindi yaondolewe punje zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi kabla ya kusagwa.

Uangalifu mkubwa kuliko wote uwe kwa muhogo, zao ambalo kila mtu hulikimbilia mengine yakishindwa. Muhogo, hasa ule mchungu, una viini vinavyotoa sumu ya sianidi, na kiasi chake huongezeka mmea unapokosa maji. Kuuloweka kwa siku tatu au zaidi na kuuanika vizuri huipunguza sumu hiyo. Mwaka wa njaa, kwa bahati mbaya, ndio mwaka wa haraka, na siku tatu hugeuka kuwa moja. Katika ukame wa miaka ya 1980 wilayani Tarime, watu wengi, hasa watoto na wanawake, walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, uliotokana na muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha.

Muulize muuzaji wa udaga uliloweshwa siku ngapi. Ukiwa na shaka, changanya unga na maji, utandaze kwenye sinia kwa unene usiozidi sentimita moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini ili sianidi itoke, kisha usonge ugali siku hiyo hiyo. Mwili huhitaji protini ili kuiondoa sumu inayobaki. Kwa hiyo ugali wa muhogo usio na dagaa wala maharage ni hatari zaidi, nao ndio ugali ambao bei za ukame huwalazimisha wengi kuula.

Wako pia walaji wanaoulipia ukame mara mbili, kwa bei na kwa kopo lililobonyezwa kitako. Dai kupimiwa kwa mizani. Ukikataliwa, au ukiona mizani ina kasoro, peleka malalamiko kwa Wakala wa Vipimo, ukitaja soko, siku, bidhaa na kiasi ulicholipa.