Jina la tumpeco halizuii kutu

WANDEGEYA, Kampala – Chini ya kilima cha Makerere, muuzaji wa maharage au karanga hahitaji mizani kila mara. Mteja husema anataka tumpeco ngapi, naye huchota. Tumpeco ni kikombe chenye mkono, cha takriban nusu lita. Siku hizi hata cha plastiki huitwa hivyo.

Asili ya neno hilo ni kifupi cha jina la kiwanda: The Uganda Metal Products and Enamelling Company. Herufi E ni ya enameli, na ndiyo inayomhusu mfanyabiashara anayevusha vyombo Busia au Malaba.

Enameli si rangi. Ni unga wa kioo unaopakwa juu ya chuma, kisha kuchomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi hadi uyeyuke na kushikamana nacho. Kioo hakishiki kutu, lakini humeguka. Kikimeguka, maji hufika kwenye chuma na kutu hutambaa chini kwa chini. Dazeni ya sahani iliyofungwa ovyo juu ya pikipiki huondoka Kampala ikiwa mali na kufika mpakani ikiwa hasara.

Kabla ya kulipa, pitisha kidole ukingoni na kwenye mkono wa kikombe. Huko ndiko kunakoumia kwanza. Palipomeguka pakiwa peusi na panang'aa, mara nyingi tabaka la chini bado lipo. Pakiwa na kijivu kilichofifia au kahawia, chuma kiko wazi. Kwaruza kitako kwa ufunguo: rangi hubanduka, enameli nzuri hustahimili. Ukifungasha, tenganisha sahani kwa karatasi.

Muulize pia muuzaji chombo kimetengenezwa wapi. Bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, huvuka kwa cheti rahisi cha uasilia bila kutozwa ushuru wa forodha. Zilizoagizwa kutoka nje ya Jumuiya hazipati nafuu hiyo, hata zikinunuliwa Kampala.

Afisa wa forodha atauliza cheti, na mteja atakagua ukingo. Jina la tumpeco peke yake halimjibu hata mmoja wao.