Kambi ya Jazz Mtandaoni: Kinachofundishika kwa Mbali na Kinachohitaji Ukumbi

Kwa vijana wa Ulaya na Marekani, likizo ndefu ya kiangazi ndiyo msimu wa kambi za muziki. Kijana hubeba saksafoni yake, hulala bwenini wiki moja au mbili, na kutwa hushinda akipiga jazz na wenzake mbele ya walimu wanaoishi kwa kazi hiyo. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipofunga kumbi na mabweni, kambi nyingi zilihamia kwenye intaneti, na mtindo huo haukwisha na janga. Leo mwanafunzi wa sekondari wa Kihonda au Mgeta, mkoani Morogoro, shule zikifungwa Juni, anaweza kukaa darasa moja na kijana wa Chicago bila kuhitaji pasipoti wala nauli.

Wazazi na walimu huuliza swali la haki kabisa: muziki unaotegemea watu kusikilizana, unawezaje kufundishwa kupitia kioo cha simu? Jibu langu ni kwamba sehemu yake kubwa inafundishika kwa mbali, tena vizuri. Iko sehemu moja isiyofundishika hivyo, na sababu yake ni maumbile ya sauti na mwanga, si uzembe wa mafundi. Anayeandaa kambi bila kuujua mpaka huo atamaliza bando la watu na kuwavunja vijana moyo.

Tuanze na historia ya mji, kwa sababu Morogoro ilikwisha kujifunza muziki kwa mbali miaka mingi kabla ya intaneti. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza ilileta Afrika santuri za mfululizo wa GV, nyingi zikiwa muziki wa Cuba. Morogoro ilikuwa na reli tangu 1907, ikazungukwa na mashamba ya mkonge, na wafanyakazi wakipokea mshahara walitaka dansi. Salum Abdallah, aliyezaliwa hapo mwaka 1928, alizipenda santuri za Cuba kiasi cha kuunda bendi yake, La Paloma, mwaka 1948. Baadaye bendi hiyo ikajulikana kwa jina la Cuban Marimba, na nyimbo zake za Kiswahili zikapendwa hadi Kenya. Cuba ilimfikia kwa gramafoni.

Mwaka mmoja kabla ya La Paloma, Septemba 1947, mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie alimpandisha mpiga tumba wa Cuba, Chano Pozo, kwenye jukwaa la Carnegie Hall jijini New York. Kwa hiyo, wakati jazz ya Marekani inaupokea mdundo wa Cuba, vijana chini ya milima ya Uluguru nao walikuwa wanaufanyia kazi.

Bendi ya pili kubwa ya mji, Morogoro Jazz, ilianzishwa 1944. Katikati ya miaka ya 1960 ilimpokea kijana wa miaka ishirini hivi, Mbaraka Mwinshehe, na gitaa lake la solo likaipeleka mbali. Mwaka 1970 bendi hiyo ilipiga Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka alianzisha Super Volcano, akaiongoza hadi alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Bendi za aina hii zilipojiita jazz hazikuwa zikipiga mtindo wa New Orleans. Walichoshirikiana na Wamarekani ni ufundi: mpigaji anasikia alichofanya mwenzake sasa hivi, naye anamjibu kwa sauti yake.

Kijana wa Marekani aliyepita njia hiyohiyo ya kujifunza kwa santuri ni Charlie Parker. Mwaka 1936 alijitokeza kupiga saksafoni mbele ya wakubwa jijini Kansas City, akapotea katikati ya wimbo, na mpiga ngoma Jo Jones akamtupia toazi miguuni kumwonyesha kwamba atoke. Kiangazi cha 1937, akikaribia miaka 17, alipata kazi kwenye bendi iliyopiga katika hoteli za milima ya Ozark, jimbo la Missouri. Alipanda na santuri za Count Basie, akajifunza solo za Lester Young noti kwa noti, huku mpiga piano na mpiga gitaa wa bendi wakimwelekeza kwenye kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja. Aliposhuka mjini alikuwa mwanamuziki mwingine.

Alivyokuwa navyo Parker kule mlimani vilikuwa viwili: santuri za kuigiza, na bendi hai ya kupiga nayo. Kambi ya mtandaoni inaweza kutoa cha kwanza kwa wingi ambao Parker hakuuota. Cha pili haina.

Hebu tutazame cha kwanza kwa karibu. Mwalimu anamtumia mwanafunzi kipande kifupi cha solo, mapigo 16 tu. Siku ya kwanza gitaa halishikwi. Kijana anasikiliza, anapiga makofi kufuata mdundo, kisha anakiimba kipande chote kwa mdomo mpaka aweze kukiimba bila rekodi. Asichoweza kukiimba, vidole havitakipata ila kwa kubahatisha. Siku ya pili anatafuta noti ya kwanza kwenye nyuzi, halafu ya pili, taratibu. Hapa simu inamzidi mwalimu yeyote wa zamani. Santuri ukiipunguza mwendo kwa nusu, sauti nayo hushuka oktavu nzima, na wimbo hugeuka mwingine masikioni. Programu za siku hizi hupunguza kasi bila kugusa kimo cha sauti, na hurudia sekunde tano zilezile kadiri kijana anavyotaka. Siku ya tatu anajirekodi, anamtumia mwalimu, na mwalimu anamjibu kwa kumwonyesha pale alipowahi, pale alipokaza kidole, pale alipokosa kupumua. Siku ya nne anabadilisha noti tatu kwa hiari yake. Siku ya tano anabuni mapigo 16 ya kwake juu ya kodi zilezile. Hapo ndipo anapoanza kupiga jazz.

Kazi yote hiyo haihitaji watu wawili kusikika kwa wakati mmoja, ndiyo maana inafaa intaneti. Tatizo huanza pale mwalimu anaposema, "Haya, wote pamoja: moja, mbili, tatu, nne."

Sauti hewani husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Wapigaji wawili waliosimama mita 10 mbalimbali husikiana kwa kuchelewa milisekunde 30, yaani sehemu 30 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Karibu na kiwango hicho mdundo huanza kulegea: kila mmoja anamsubiri mwenzake, mwenzake naye anamsubiri yeye, na wimbo unazidi kuzorota. Sasa chukua wimbo wa dansi wa mapigo 120 kwa dakika. Pigo moja ni nusu sekunde, yaani milisekunde 500, na robo ya pigo ni 125. Programu za kawaida za mikutano ya video huchelewesha sauti zaidi ya milisekunde 100 bila shida yoyote. Tumba inamfikia mpiga besi ikiwa imekosea kwa karibu robo ya pigo, ingawa mpigaji hakukosea.

Kuongeza kasi ya intaneti husaidia, lakini kuna mahali kunagota. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka pwani yetu hadi New York, hata kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 12,000. Kwa hiyo noti ya mwalimu huchukua angalau milisekunde 60 kufika, na jibu la mwanafunzi 60 nyingine kurudi, kabla hatujahesabu vifaa vya njiani. Hakuna bando linaloweza kununua kasi inayozidi mwanga. Kati ya Morogoro na Dar es Salaam, umbali wa kilomita 200 hivi, hesabu ni nyepesi zaidi: faiba yenyewe hula milisekunde moja tu. Programu maalumu za wanamuziki kama Jamulus na JackTrip zinaweza kuwaunganisha watu wa miji hiyo miwili vizuri, mradi wawe na kompyuta na waya wa mtandao. Kwa simu na mtandao wa minara, hasa ukiwa bondeni nyuma ya mlima, usitegemee.

Programu za mikutano zina ugumu mwingine. Zimetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Zikisikia sauti ndefu isiyobadilika, kama noti ya saksafoni iliyoshikiliwa, hudhani ni kelele za feni na kuizima. Watu wawili wakitoa sauti pamoja, mmoja hunyamazishwa. Nyingi zina mahali kwenye mipangilio pa kuruhusu sauti halisi ya muziki, na somo la kwanza la kambi liwe kumwonyesha kila mwanafunzi mahali hapo.

Kambi inayoyajua haya hubadili namna ya kupiga pamoja. Kwanza, badala ya kupiga kwa mpigo mmoja, darasa huitana na kuitikiana. Mwalimu anapiga mapigo manane, anaacha mapigo manane, na kila mwanafunzi anajibu nyumbani kwake huku kipaza sauti chake kimezimwa, kisha mmojammoja anafunguliwa asikike. Pili, bendi hujengwa kwa tabaka. Mpiga tumba au dramu anatangulia, akianza kwa kuhesabu mapigo manne ili wote wajue pa kuingilia. Rekodi yake inakwenda kwa mpiga besi, halafu kwa gitaa la rithim, halafu solo, mwisho wapulizaji na waimbaji. Kila anayeongeza tabaka husikiliza rekodi ya wenzake kwa simu moja yenye vipokea sauti vya masikioni, na kujirekodi kwa simu ya pili. Nyumbani kwa wengi hiyo simu ya pili ni ya mama au ya kaka, basi ratiba iandikwe kwa kuzingatia saa ambazo wenyewe wako nyumbani.

Gharama nazo zihesabiwe kwa uwazi. Rekodi nzuri ya sauti tupu huchukua MB moja hivi kwa dakika, wakati somo la video la saa moja linaweza kumaliza GB nzima. Saa moja ya video kwa siku inatosha, na kazi iliyobaki iende kwa mafaili ya sauti. Video ikibidi, wanafunzi wa mtaa mmoja wakutane kwenye shule au ukumbi wenye intaneti moja na skrini moja. Hiyo hupunguza gharama, na pia humweka mtu mzima chumbani. Vijana wa miaka 14 hawapaswi kuachwa faraghani mtandaoni na watu wazima wasiowajua, hata kama somo ni la kinanda. Mzazi ana haki ya kuingia darasani wakati wowote bila kubisha hodi.

Kisha ukumbi. Wiki ya video na mafaili ikiisha, vijana wa Mji Mpya, Bigwa na Kihonda wakutane Jumamosi na wenzao walioshuka kutoka Mgeta, Kinole na Matombo, wapige pamoja nyimbo walizokwisha kuzijenga kwa tabaka. Watashangaa. Kila mmoja anaijua sehemu yake, lakini sasa mpiga tumba anaweza kubadilika ghafla na besi ikamfuata papo hapo. Kuna kutazamana machoni kabla ya kuingia kwenye chemko, sehemu ya wimbo inayochangamka, na kupunguza sauti mwimbaji anapokaribia kipaza sauti. Siku moja ya namna hiyo hukamilisha kazi ambayo wiki nzima ya intaneti haiwezi kuigusa. Mtindo wa kuwafundisha vijana ana kwa ana upo tayari Afrika Mashariki: chuo cha muziki cha DCMA kimefundisha Mji Mkongwe, Zanzibar, tangu 2002, na Ghetto Classics imewapa watoto wa Korogocho, Nairobi, ala na walimu tangu 2008. Ukumbi na ratiba vipo hata katika mazingira magumu, watu wakiamua.

Kuhusu nyimbo za kufundisha, nina msimamo. Kijana wa Morogoro ajifunze blues ya Marekani, ndiyo, maana ndiyo msingi wa jazz popote. Lakini kazi ya kwanza ya sikio iwe kwenye rekodi za Cuban Marimba na Morogoro Jazz. Magitaa yao hayapigi kitu kimoja: rithim inaweka njia, solo inapita juu yake, besi inajibu chini, na kila moja ikiondolewa wimbo unapwaya. Hilo ndilo somo la jazz lenyewe, tena kwa lugha ambayo bibi na babu wa mwanafunzi wanaweza kuisahihisha wakiwa sebuleni. Ndani ya rekodi hizo kuna pia mapigo matano ya Cuba, matatu na mawili, ambayo yatamfungulia kijana mlango wa Gillespie na wenzake bila kujihisi mgeni. Mcheza kwao hutunzwa, nao waliokwenda Osaka walikwenda na muziki wa kwao.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kulipia kambi yoyote ya mtandaoni, uliza maswali matatu. Je, mwalimu atasikiliza rekodi za mwanangu mmojammoja na kuzijibu, au atahutubia skrini yenye watu hamsini? Je, mna njia ya kupiga bendi kwa tabaka, au mnategemea wote wapige pamoja kwenye video? Je, iko siku ya kukutana, na kama haipo, mnaturuhusu sisi wa Morogoro tuiandae wenyewe? Majibu yakiridhisha, lipa na umwandikishe. Kisha mwishoni usipime kambi kwa cheti. Ipime mwezi Agosti, masomo yakiwa yamerudi na skrini imezimwa: kama vijana wanne au watano bado wanatafutana Jumamosi kufanya mazoezi, fedha yako imefanya kazi.